Pikapu za Gitaa: Sauti ya Kikale Maana Yake Nini

Watu wengi wanaotaka gitaa lao la umeme litoe sauti ya miaka ya 1950 huanza kwa kuuliza pikapu ipi ina nguvu kuliko zote. Hapo wanakuwa wameshapotea njia. Pikapu zilizoizaa sauti tunayoiita ya kikale zilikuwa hafifu ukizilinganisha na nyingi zinazotengenezwa leo, na uhafifu huo ndio uliozipa uwazi wake. Anayeitafuta sauti ile anatafuta pikapu inayoacha nafasi kati ya noti na noti.

Tuanze na kitu chenyewe. Pikapu ni kile kipande kilicholala chini ya nyuzi, kati ya daraja (pale nyuzi zinapoegemea mwishoni mwa mwili wa gitaa) na shingo ya gitaa. Ndani yake mna sumaku, na sumaku imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, wenye unene wa milimita 0.063 hivi, mara elfu kadhaa. Ukiukunjua waya wa pikapu moja ya Stratocaster ya zamani, gitaa la kampuni ya Fender, unapata kama kilomita moja. Uzi wa chuma ulio juu ya sumaku nao huwa sumaku kidogo. Ukiupiga, unatikisa uga wa sumaku, na mtikisiko huo huzaa umeme mdogo ndani ya koili, yaani ule waya uliozungushwa. Kanuni hiyo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. George Beauchamp ndiye aliyeitumia kwenye gitaa mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika lile gitaa la Rickenbacker lenye umbo la kikaango. Kwa hiyo pikapu haisikilizi hewa kama maikrofoni. Inafuatilia mwendo wa chuma, ndiyo maana nyuzi za nailoni kwake ni kama hazipo.

Sasa, ukisema sauti ya kikale, sharti useme ya gitaa lipi. Telecaster la Fender, lililoingia sokoni mwaka 1950 likiitwa Broadcaster, lina pikapu ya darajani yenye bamba la chuma chini yake, na bamba hilo huongeza ukali unaouma sikio kwa utamu. Stratocaster la mwaka 1954 lina pikapu tatu nyembamba zinazolia kama kengele ndogo. P-90, pikapu ya kampuni ya Gibson iliyotoka mwaka 1946, ni koili moja pia lakini pana na fupi, yenye mizunguko kama 10,000, na sauti yake ni nene katikati, yenye kukwaruza kidogo ukiipiga kwa nguvu. Zote hizo zina kero moja: koili moja hunasa mvumo wa umeme wa nyumbani, ule wa hezi (mitikisiko kwa sekunde) 50 au 60, na kuupeleka kwenye amplifaya pamoja na muziki.

Dawa ya mvumo ilipatikana kwa Seth Lover, mhandisi wa Gibson. Aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu, moja imezungushwa kinyume cha nyingine na ncha za sumaku zikitazama pande tofauti. Mvumo unaingia koili zote mbili na kufutana. Sauti ya uzi inaingia zote mbili na kujumlishwa. Ndiyo hambaka. Ombi la hataza, yaani haki ya uvumbuzi, lilipelekwa mwaka 1955, na kufikia 1957 pikapu hiyo ilikuwa imeshafungwa kwenye magitaa, chini yake ikiwa na kibandiko kinachosema kwamba hataza imeombwa. Herufi za mwanzo za maneno hayo kwa Kiingereza, Patent Applied For, ndizo PAF, jina ambalo leo wapiga gitaa hulitaja kwa heshima kubwa. Hataza ilitolewa mwaka 1959, lakini kibandiko kiliendelea kubandikwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Hapa inafaa kutulia, kwa sababu PAF inafundisha mengi kuhusu neno "halisi". Waliokuwa wakiziunda hawakuwa wakihesabu mizunguko kwa ukali. Koili moja ingeweza kupata waya mwingi kuliko mwenzake. Sumaku zilikuwa za alniko, yaani aloi ya chuma, alumini na nikeli, mara nyingi pamoja na kobalti, lakini aina ya alniko ilibadilika: 2, 3, 4 au 5, kutegemea kilichokuwapo. Matokeo yake, PAF mbili za kipindi kimoja zinaweza kulia tofauti kabisa. Koili zisipolingana, mvumo haufutiki wote, na sauti za juu nazo hazifutani zote. Sikio linasikia wepesi fulani, kama dirisha lililoachwa wazi kidogo. Kwa hiyo anayekuuzia "nakala kamili ya PAF" anakuuzia nakala ya PAF moja kati ya nyingi. Hilo si kosa, mradi ujue ni ipi.

Tuje kwenye namba inayopotosha watu kuliko zote: ukinzani wa koili, unaopimwa kwa kilo-omu. Stratocaster ya zamani husoma karibu 6. PAF husoma kati ya 7 na 9 hivi. Pikapu za kisasa za nguvu hufika 14 na kupita. Ni rahisi kudhani kwamba namba hiyo ndiyo nguvu, lakini hebu tuweke pikapu mbili mezani. Moja ni ya shingoni mwa Telecaster, nyingine ni hambaka ya mtindo wa PAF. Gusisha multimita, kile kifaa cha kupimia umeme: zote mbili zinasoma 7.5. Zifunge kwenye gitaa na moja itasikika nyembamba na ya upole, nyingine nene na yenye kifua. Kilichotokea ni kwamba ile ya Telecaster imezungushiwa waya mwembamba zaidi, wa milimita 0.056, na waya mwembamba hukinza zaidi kwa kila mita. Kwa 7.5 hiyo ina kama kilomita moja ya waya, na hambaka ina karibu kilomita moja na mita mia nne, tena zimegawanywa katika koili mbili. Multimita ilipima ugumu wa njia, muziki haikuupima. Hata hali ya hewa inaiyumbisha: pikapu inayosoma 6.0 kwenye nyuzi joto 20 itasoma kama 6.2 kwenye nyuzi joto 30, na sauti yake haijabadilika.

Kipimo kinachosema kweli zaidi ni induktansi, inayopimwa kwa henri. Ni habari ya jinsi koili inavyozuia mawimbi ya kasi yasipite. Koili yenye mizunguko mingi ina induktansi kubwa, na ikishaungana na kebo inakuwa na kilele chake, yaani pale ambapo inapiga kelele kuliko kwingine kabla ya kuporomoka. Chukua kebo ya kawaida ya pikofaradi 700, kipimo cha uwezo wa kebo kuhifadhi umeme. Koili ya Stratocaster yenye henri 2.2 inapata kilele karibu na hezi 4,000. Hambaka ya henri 4.4 inashuka hadi karibu 2,900. Pikapu ya nguvu ya henri 8 inaangukia kama 2,100, na yote yaliyo juu ya hapo yanafifia. Ule mng'aro unaosikika kwenye rekodi za zamani, mlio wa kucha ikigusa uzi, unakaa juu ya hapo. Ndiyo maana kuongeza mizunguko kunaongeza ukubwa wa sauti huku kukiondoa kile kile ulichokuwa unakitafuta. Mtengenezaji akikupa induktansi pamoja na ukinzani, mpe sikio, anajua anachokifanya.

Kutokana na hesabu hiyo utaona pia kwamba kebo ni sehemu ya pikapu. Kebo ndefu za kujikunja za miaka ya 1960 zilishusha kilele na kulainisha ukali wa Stratocaster. Vitasa vya volyumu navyo vina neno: Fender walitumia kilo-omu 250 kwa koili moja, Gibson 500 kwa hambaka. Ukifunga koili moja kwenye kitasa cha 500 itakwaruza masikio, na utailaumu pikapu isiyo na hatia.

Kuhusu sumaku, alniko 5 ina nguvu na sauti yake ni kali, besi yake imekaza. Alniko 2 na 3 ni laini zaidi, besi inalegea, na ukipiga kwa nguvu inakubali bila kukurudi. Sumaku za seramiki ni nzuri kwa kazi nyingine. Kwa sauti ya kikale zipite tu.

Kuna jambo moja ambalo uhalisi unaweza kukuponza. Kwenye Stratocaster za zamani, vigingi vya sumaku, kimoja chini ya kila uzi, havikuwa sawa kwa kimo, na kile cha uzi wa tatu kilisimama juu. Sababu ni kwamba wapigaji wa wakati ule walitumia uzi wa tatu uliozungushiwa waya, ambao sauti yake kwenye pikapu ni ndogo, hivyo ukasogezewa sumaku. Leo wengi wanafunga nyuzi nyepesi, na uzi wa tatu ni chuma kitupu. Ukiweka pikapu ya kimo cha kale chini ya nyuzi hizo, uzi wa tatu utapiga kelele kuliko wenzake kila unapopiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja. Ama ufunge nyuzi za kale, ama uchague pikapu yenye vigingi vilivyo sawa. Mimi naona la pili ni uamuzi wa busara, na siamini kwamba linakupunguzia chochote.

Nta nayo ina nafasi yake. PAF hazikutumbukizwa kwenye nta, kwa hiyo koili na kifuniko hutetemeka kidogo. Gonga kifuniko kwa ncha ya bisibisi huku amplifaya imewaka: ukisikia "toki" wazi kwenye spika, pikapu haina nta, au ina kidogo. Mtetemeko huo unaongeza uhai kwa volyumu ya wastani. Ukipandisha amplifaya sana, pikapu hiyo hiyo itaanza kupiga filimbi kali isiyonyamaza. Anayepiga kwa sauti kubwa jukwaani anahitaji nta, hata kama za zamani hazikuwa nayo.

Basi kabla ya kununua chochote, fanya jaribio lisilo na gharama. Pikapu nyingi zinazosemwa kuwa mbovu zimekaa karibu mno na nyuzi. Sumaku huuvuta uzi. Ikiuvuta mno, noti ya juu kwenye uzi mnene inayumba kama inalia kwa sauti mbili, na haidumu. Bonyeza nyuzi kwenye kizingiti cha mwisho cha shingo, kile kipande cha chuma kilicho karibu zaidi na pikapu, kisha pima mwanya kati ya uzi na kigingi. Kwa pikapu za koili moja za mtindo wa kale, milimita 2.4 upande wa uzi mnene na 2 upande wa uzi mwembamba ni mahali pazuri pa kuanzia. Zungusha skrubu ya pikapu nusu mzunguko ili ishuke, piga noti moja, iache idumu hadi ife yenyewe. Zungusha tena. Volyumu itapungua, nawe pandisha ya amplifaya kuifidia. Kuna mahali ambapo kuyumba kunakoma na mlio wa chuma unajitokeza peke yake; acha skrubu hapo, upige siku chache, ndipo uamue kama bado unahitaji pikapu nyingine.