Neva nyingine nayo ikigoma

Mdomo ukipinda upande mmoja tu, kwa neva moja ya uso kugoma, huwa sina hofu kubwa. Natoa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, mapema, namwonyesha mgonjwa namna ya kulilinda jicho lisilofumba, na wengi hupona ndani ya miezi michache. Lakini mdomo ukipinda leo, na wiki ijayo mgonjwa akaanza kuona watu wawili wawili, hapo navuta kiti karibu: huenda neva nyingine nayo imegoma.

Neva za kichwa ni jozi 12. Nazikagua kama fundi umeme: nyumba zipi zimezimika, na zote zinachukua umeme nguzo gani? Ya tatu, ya nne, ya sita na matawi ya ya tano hupita bega kwa bega kando ya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Ya saba na ya nane huingia mfereji mmoja kuelekea sikioni. Ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja hutokea tundu moja chini ya fuvu, ndiyo maana sauti ikikauka, kumeza nako huwa taabu. Zikigoma huku na huku bila mpangilio, nawaza utando wa ubongo: kifua kikuu, fangasi wa kriptokokasi kwa mwenye VVU, saratani iliyosambaa. Ila kwanza namwambia mgonjwa atazame dari dakika nzima. Kope zikishuka kwa uchovu, pengine neva ni nzima na tunachotafuta ni mayasthenia, ugonjwa wa misuli kuchoka haraka.

Mwaka 2005 James Keane, daktari wa neva wa Los Angeles, alichapisha hesabu ya wagonjwa wake 979 waliogomewa na neva za kichwa zaidi ya moja. Uvimbe ndio chanzo kilichoongoza, wagonjwa 305, na neva iliyogoma mara nyingi zaidi ni ya sita.

Nilimkumbuka Keane siku alipoingia mzee mmoja, fundi cherehani. "Daktari, sindano zimekuwa mbili, na uzi sijui nipeleke wapi." Nikamfunika jicho moja, ikabaki sindano moja. Jicho la kulia halikuweza kutoka nje kutazama sikio lake. Shavu la upande huo lilikuwa na ganzi, pamba halikuihisi. Sikio lilikuwa limeziba miezi kadhaa, akaambiwa ni nta. Picha ya CT ya kichwa ilisomwa kuwa ni safi, na wajukuu walishasema ni kiharusi.

Jibu lilikuwa shingoni. Chini ya sikio, nyuma ya taya, vidole vyangu viligonga tezi ngumu kama kokwa ya ubuyu. Daktari wa masikio, pua na koo akachukua kinyama nyuma ya pua: saratani. CT ya ubongo isiyo na dawa ya mshipani hulipita eneo lile kirahisi. Kinachotakiwa ni MRI, picha ya sumaku, yenye dawa, kuanzia sakafu ya fuvu hadi shingoni.

MRI isiposema, natoa maji ya mgongo. Ndugu huogopa: "Si atapooza?" Sindano huingia chini kabisa ya mahali ugwe wa neva ulio ndani ya mgongo unapoishia. Napima presha, seli, protini, sukari, kaswende, vimelea. Kipimo cha kifua kikuu kikitoka hasi hakiniridhishi. Narudia, na mara hii nachukua mililita 10 au zaidi kusaka seli za saratani.

Kosa linaloniudhi ni steroidi za haraka-haraka kabla chanzo hakijajulikana. Limfoma, saratani ya chembe za kinga, huyeyuka kwa majuma kadhaa, kila mtu anashangilia, kisha kinyama kinatoka bila jibu. Ikiwa ni kifua kikuu cha utando, steroidi zina nafasi yake, ila ziandamane na dawa nne za miezi 2 ya mwanzo, kisha mbili hadi mwaka utimie.

Chanzo kisipoonekana, bado kuna kazi: namjaribu kumeza kwa maji kidogo asije akapaliwa, namtunzia jicho, na narudia picha baada ya miezi 3.

Yule mzee alipata mionzi na dawa za saratani. Jicho limerudi nusu tu. Anashona akiwa na kiziba jicho cheusi, alichojikatia mwenyewe kwenye kitambaa cha suti ya mteja.