Je, Wajua? Kwa Nini Kuku Akishikwa Kichwa Chini Hunyamaza

Nenda stendi yoyote ya mabasi asubuhi, hutamkosa: kuku wa kienyeji, miguu imefungwa kamba, ananing'inia kichwa chini mkononi mwa mtu anayekimbilia gari. Mwanzo hupiga mabawa na kelele hadi watu wageuke. Muda si mrefu, kimya. Kumetokea nini?

Mimi jibu nilikuwa nalo tangu utotoni, na lilikuwa la uongo. Bibi akinituma kumpelekea shangazi jogoo, nilikuwa namshika miguu nikiamini kwamba damu ikishuka kichwani kuku husinzia, na aliyesinzia hana shida. Tena nilijiona mwenye huruma, maana nilimgeuza upesi ili alale mapema. Wenzangu walikuwa na maelezo yao: kuku amezoea, ni ndege huyo, kwake juu na chini ni mamoja. Ukiyatazama vizuri, maelezo haya yote yana mzizi mmoja, kwamba anayenyamaza ameridhika. Kwa kiumbe anayewindwa na mwewe, kicheche na nguchiro tangu anapoanguliwa, ukimya ni habari nyingine kabisa.

Si sisi watoto wa kijijini peke yetu tuliodanganyika. Mwaka 1646 padri msomi aliyeitwa Athanasius Kircher alieleza jaribio lake: alimfunga kuku miguu, akamlaza sakafuni, akachora mstari wa chaki kuanzia jichoni kwenda mbele, kisha akafungua kamba. Kuku hakuondoka. Kircher akaamua kwamba kuku anauona ule mstari, anadhani ndiyo kamba, anajiona bado amefungwa. Maelezo matamu, ila chaki haikuwa na kazi yoyote. Mlaze kuku chali, mshikilie kwa utulivu sekunde kumi au kumi na tano, mwachie: wengi watabaki hapo hapo wamekakamaa, bila mstari wala kamba.

Hali hiyo ni ya woga. Mnyama aliyekwisha kukamatwa na hana pa kukimbilia hubaki na karata moja, kujifanya mfu, kwa kuwa baadhi ya wawindaji hulegeza meno windo likiacha kufurukuta. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1975 uliwaangalia mbweha wakikamata bata. Bata wengi walilegea papo hapo mdomoni mwa mbweha, na baadhi yao wakapata upenyo wa kutoroka. (Mbweha wazoefu nao walijifunza kuua kwanza, maswali baadaye.) Kwa kuku, watafiti walimweka karibu naye mwewe aliyekaushwa, wakaona kuku anakaa amekakamaa kwa muda mrefu zaidi. Siku hizi wataalamu wa tabia za wanyama huhesabu dakika hizo kama kipimo: kadiri kuku anavyochelewa kuinuka, ndivyo alivyoogopa. Hapotezi fahamu. Macho hufumba na kufumbua, na masikio yanafanya kazi.

Hapa niweke breki kidogo. Kipimo hicho hufanywa kuku akiwa amelala chali au ubavu, hafungwi miguu wala haning'inizwi. Kuku wa stendi huenda amekakamaa kwa woga, huenda amechoka, huenda ameona kufurukuta kunaumiza miguu. Pengine ni yote kwa pamoja. Usingizi ndio haumo.

Sasa njoo kwenye jambo lililonishangaza kuliko yote, pumzi. Wewe na mimi tuna kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Hata ukisimama kwa mikono, miguu juu, kiwambo kinazuia matumbo yasiangukie mapafu moja kwa moja. Kuku hana. Mapafu yake ni madogo, yamebana mbavuni, wala hayatanuki kama yetu. Kazi ya kuvuta hewa imeachiwa vifuko vyembamba vilivyotapakaa kifuani na tumboni, katikati ya utumbo.

Fikiria karakana ya mhunzi. Mapafu ni jiko la makaa: hewa inapita ndani yake, lenyewe halitikisiki. Vifuko ni mivukuto. Na mkono unaoisukuma mivukuto ni kidari, ule mfupa mkubwa wa kifua, unaoshuka na kupanda kila pumzi. Ndiyo maana mtoto akimbana kifaranga kifuani kwa mapenzi anaweza kumuua huku pua zikiwa wazi: amekamata mkono wa mhunzi. Sasa pindua karakana nzima juu chini. Firigisi iliyojaa changarawe, maini na utumbo wote vinateremka upande wa kifua na kuketi juu ya mivukuto. Mhunzi bado anavukuta, lakini kwa kila pumzi ananyanyua na mizigo. Madaktari wa mifugo wanajua kwamba hata kumlaza ndege chali tu hupunguza nafasi ya hewa mwilini mwake. Ongeza jua la saa saba, ukikumbuka kwamba kuku hana jasho, hujipoza kwa kuhema.

Watafiti walipopima damu ya kuku wa nyama mwaka 1996, walioshikwa kichwa chini walikuwa na homoni ya msukosuko nyingi kuliko walioshikwa wima. Na usidhani ni ushamba wa stendi zetu. Kanuni namba 1 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2005 inakataza kumnyanyua mnyama kwa miguu, lakini kwenye mabanda makubwa ya huko wakamataji hutoka na kuku watatu watatu mkono mmoja, vichwa chini, kwa sababu lori linasubiri. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Sijaona kuku akiitaja.

Ukitaka atulie bila woga mwingi, mpitishie kiganja chini ya kidari, miguu katikati ya vidole, mabawa yakibanwa kidogo na mkono wa pili, kifua kikiwa huru. Au mpe giza, kama wafugaji wanaokamata usiku kuku wakiwa kichagani. Tenga lililofunikwa kanga hufanya vyote viwili, hewa na kiza.

Nilimuuliza mama mmoja stendi kwa nini hatumii tenga. Akaniangalia kama mtu asiyewahi kupanda basi. Tenga, akasema, konda analihesabu kuwa mzigo na linalipiwa. Kuku wa mkononi anapanda bure.