Korona, kaunti na sufuria ya jioni: maswali mnayoniuliza kila mara

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii upande wa Likoni, Mombasa, ile kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba na daftari. Juzi tulikua na kikao cha kina mama, kilikua kiwe cha chanjo ya watoto, mmoja akauliza kuhusu korona na mambo ambayo kaunti ilifanya na haikufanya, basi hatukutoka hapo mpaka adhana ya alasiri. Nimeandika maswali vile yalivyoulizwa, na majibu nimeongeza kidogo manake pale nilikua nakatizwa kila saa.

Dada, korona si iliisha? Mbona bado mwatusumbua nayo?

Dharura ndio iliisha, Shirika la Afya Duniani lilitangaza hivyo tarehe 5 Mei 2023. Kirusi chenyewe kiko, watu bado wanakipata, ila wengi miili ishakijua kwa chanjo ama kwa kuugua kwa hivyo hakiangushi watu kama 2020. Sa mimi nikiongelea korona siwatishi na ugonjwa, naongelea yale maamuzi yaliyofanywa juu ya vichwa vyetu.

Nani alikua anaamua, gavana ama Nairobi?

Wote wawili, na hapo ndo watu walichanganyikiwa. Kwa katiba ya 2010 afya iko chini ya kaunti, yani dispensari, vituo vya afya, hospitali za kaunti, ambulensi, na wauguzi wengi wanalipwa na kaunti. Serikali kuu imebaki na sera na zile hospitali kubwa za rufaa za kitaifa. Lakini polisi ni wa serikali kuu, chifu ni wa serikali kuu, mipaka, bandari na kafyu, zote za huko. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa 13 Machi 2020, na tarehe 27 mwezi huohuo kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, hiyo ilitoka Nairobi. Kaunti ikaachiwa kutafuta vitanda, kunyunyizia masoko dawa, kuweka matangi ya maji na kuzika. Aliyetoa amri alikua mbali, na yule unayeweza kumpigia kelele ofisini kwake hakua ametoa amri. Na ukienda kuuliza unga kwa chifu anakwambia hilo ni la kaunti, ukienda kaunti wanakwambia orodha iko kwa chifu.

Mbona Mji wa Kale ulifungwa, na kwa nini watu walikua wanakataa kupimwa?

Hili ndo swali lililotuweka sana, na mimi nina maoni yangu.

Tarehe 6 Mei 2020 waziri wa afya Mutahi Kagwe alitangaza Mji wa Kale hapa Mombasa na Eastleigh kule Nairobi hakuna kuingia wala kutoka, siku 15, na hoteli zote ndani zifungwe. Zile siku 15 hazikutolewa hewani. Mtu akiingiwa na korona dalili zaweza kutokea kati ya siku 2 na 14, kwa hivyo ukifunga mahali zaidi ya siku 14, kila aliyekua nayo ashajulikana ama ishamtoka. Kwenye karatasi iko sawa kabisa.

Sa angalia kalenda. Ile ilikua katikati ya Ramadhani. Kwa asiyejua Mji wa Kale, mwezi wa Ramadhani baada ya alasiri kila mlango una meza, kuna kaimati, sambusa, viazi karai, mkate wa sinia, bajia, na aliyekaa nyuma ya ile meza ni mama ambaye mwezi huo mmoja ndo anaotegemea kulipa karo na deni la duka. Anakaanga humo ndani na wateja wengi wanatoka nje, Majengo, Kizingo, Tudor. Ukishafunga njia, mafuta yako jikoni, unga ushakandwa, mteja hawezi kuingia. Ilikaa hivyo mpaka mapema Juni, manake siku 15 ziliongezwa, Idi yenyewe ilikua tarehe 24 Mei na watu wakaisherehekea wamefungiwa.

Sa kuhusu kupimwa. Wengi waliwaita watu wa Mji wa Kale wakaidi. Haya, nikuulize wewe, kabla ya Mei ukipelekwa karantini ya lazima unalipa mwenyewe, siku 14, kila siku na bei yake, na ukimaliza siku hujalipa hutoki. Alafu mwezi wa Aprili waliokamatwa usiku kwa kuvunja kafyu nao walikua wanapelekwa karantini, kwa hivyo karantini ikawa kichwani mwa watu ni jela ya kulipia. Mtu ana afya yake, hana homa hana kikohozi, unamwambia njoo nikutie kijiti puani, ukipatikana nayo nakubeba, nani atakuja? Na wengi waliopatikana walikua kweli hawana dalili yoyote, ndo korona ilivyo, mtu anaweza kukuambukiza akiwa anakucheka. Serikali ilitangaza itabeba gharama za karantini kwenye vituo vyake siku ileile ya tarehe 6 Mei iliyofunga Mji wa Kale. Mimi nasema hilo lingetangulia Machi, kijiti kisingekua vita.

Wakasema mgonjwa akae nyumbani ajitenge. Ajitenge wapi?

Hapo Juni ulitoka mwongozo wa kumtunza mgonjwa nyumbani kama hana dalili kali, na kusema kweli ilikua afueni kwa hospitali. Kwetu kaunti ilikua imetengewa vitanda 300 pale TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Mombasa, na vilevile rais aliagiza kila kaunti iwe na vitanda 300, lakini hukuweza kulaza kila mtu.

Shida ni chumba. Nyumba ya Kiswahili mnaijua, ukumbi katikati, vyumba sita, familia sita, choo kimoja na uwa mmoja. Mwongozo unasema mgonjwa awe na chumba chake. Nilikua naingia nyumba kama hizo na ile karatasi nikaona aibu kuisoma, nikaikunja nikatia mkobani. Tulichokua tunaambiana ni hivi, na bado kinafaa kwa mafua makali ama TB ama chochote cha kupitia hewa: mgonjwa alale upande wa dirisha na dirisha liwe wazi, vichwa msielekeane, nyote mvae barakoa mkiwa chumbani, sahani na kikombe chake kando, choo aingie wa mwisho na apanguse kitasa kwa maji ya jiki, na mchana akae uwani kwenye hewa badala ya ukumbini. Si kujitenga kamili, lakini hewa inayotembea inapunguza kirusi sana, hiyo ni dawa ya bure.

Akianza kuhema kwa shida, kifua kinabana, midomo inabadilika rangi ama anaongea maneno hayaeleweki, hapo hakuna cha kungoja asubuhi, hospitali.

Kafyu ilizuia korona ama ilitujazia watu kwenye feri?

Ilifanya yote mawili. Siku ya kwanza ya kafyu, Ijumaa ile ya 27 Machi, foleni ya Likoni mnaikumbuka, kila mtu wa kisiwani anataka kuvuka kabla ya saa moja, polisi wakarusha vitoa machozi na virungu. Sa ukifikiria kiafya tu, acha haki kwanza, ukimrushia mtu kitoa machozi anafanya nini? Anakohoa, anapiga chafya, analia, anajipangusa uso kwa mkono na anamkumbatia aliye karibu asianguke. Yani umekusanya yote tuliyokua tunakataza. Baadaye wakapanga foleni kwa nafasi na sehemu za kunawa, ikawa afadhali, alafu mwanzoni mwa 2021 daraja la miguu la Liwatoni, la kuvukia bila feri, likafunguliwa.

Ile pesa na chakula cha msaada mbona mimi sikupata?

Swali la kila mtaa. Serikali kuu ilipunguza ushuru wa VAT kutoka asilimia 16 mpaka 14 kuanzia Aprili 2020, na mwenye mshahara usiozidi Sh24,000 akaondolewa kodi ya mshahara kabisa. Nzuri, kama una payslip. Mama wa mahamri payslip yake iko wapi? Aliyekua akisukuma mkokoteni Kongowea, beach boy, mpishi wa hoteli aliyeambiwa nenda nyumbani tutakuita, hao hawakuguswa na punguzo la kodi ya mshahara. Kilichowagusa zaidi nikikumbuka ni kutuma pesa kwa M-Pesa chini ya Sh1,000 bila ada, ilianza Machi ikaenda mpaka mwisho wa mwaka, manake sisi ndo tulikua tunasaidiana kwa mia mbili mia mbili.

Kaunti yetu ilileta mgao wa chakula nyumba kwa nyumba, na serikali kuu ikaleta Kazi Mtaani, vijana wafyeke nyasi na kuzibua mitaro, awamu ya pili ikilipa Sh455 kwa siku. Kama sera ya afya mimi naiunga mkono kabisa, manake mtaro ukizibuliwa kipindupindu kinapungua na kijana anarudi na unga. Kilichoharibu ni orodha. Orodha iliandikwa na watu wachache haraka haraka, wapangaji wakasahaulika kwa sababu jina la nyumba ni la mwenye nyumba. Nyumba moja niliyokua naihudumia pakiti ilikuja moja kwa mwenye nyumba, familia zingine tano zikasimama mlangoni zinaangalia. Mpangaji mmoja akaniambia "ningejua ningekunywa maji nilale mapema". Sikua na jibu.

Nawaambia kitu nilichokiona kwa macho, ukitaka kujua mtaa gani utafuata masharti, usiulize nani ana elimu, uliza nani ana chakula cha jioni. Mwenye sufuria jikoni alikua anakaa ndani bila kusukumwa.

Kaunti ilikua haina pesa ama walikula?

Wizi sitaki kuusemea, uko kwenye kazi za wakaguzi. Ila kuna jambo watu hawalijui. Kaunti zote 47 zinategemea sana mgao wa serikali kuu, na mwaka ule wa 2020 maseneta walivutana juu ya fomula ya kugawana kuanzia katikati ya mwaka mpaka Septemba, wodi za korona ziko wazi na kaunti hazina mtiririko wa pesa. Huku nyumbani nako mapato yamekauka, masoko yamefungwa, maegesho hayana magari, leseni nani atalipa duka limefungwa. Desemba hiyo tarehe 7 wauguzi na maafisa wa kliniki wakagoma, wanadai mavazi ya kujikinga na bima na haki zao, na mimi siwalaumu hata kidogo.

Wasio na korona je, waliugua wapi?

Hawa ndo waliosahaulika. Mama anashikwa na uchungu saa nne usiku, kafyu, tuktuk zimeogopa, anajifungulia nyumbani na jirani anayejua kiasi. Watoto walikosa chanjo kwa sababu mama anaogopa hospitali itampa korona. Wa sukari na presha wakakaa bila dawa. Ndo maana nawasisitizia mkiangalia kitabu cha mtoto aliyezaliwa miaka ile, hakikisheni surua zote mbili zimepigwa, ya miezi 9 na ya miezi 18. Kama imeruka, njoo tu, hutagombezwa. Ukigombezwa niambie mimi.

Kuna kaunti ilifanya jambo la maana kweli?

Mimi huwapa mfano wa Kitui. Walikua na kiwanda chao cha nguo cha kaunti, KICOTEC, gavana alikua Charity Ngilu, barakoa zikawa adimu wakageuza cherehani zikashona barakoa. Kiwanda kilikua kipo tayari kabla ya shida, mafundi wanajua kazi, kwa hivyo pesa ya kujikinga ikarudi kwa washonaji wa hapohapo. Sisi Mombasa mafundi cherehani walikua wamejaa na walishona pia, lakini kila mtu kivyake, na vitambaa vingine ukipuliza mshumaa unazima! Barakoa ya kitambaa inataka tabaka mbili tatu, ukipuliza mshumaa kupitia kwake na ukazima, hiyo ni pambo.

Ikija nyingine?

Mpox, ule ugonjwa wa vipele, ishapita hapa karibu, mgonjwa wa kwanza Kenya alipatikana mpaka wa Taveta mwishoni mwa Julai 2024, dereva wa masafa marefu. Hiyo inaambukiza zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi, vipele na shuka na taulo, kwa hivyo masharti si yaleyale, usije ukamfungia mtu soko kwa ugonjwa wa kugusana. Tofauti na 2020 ni kwamba sisi wahudumu wa mitaani tulipewa vifaa na posho rasmi Septemba 2023, Sh5,000 kwa mwezi, kaunti nusu na serikali kuu nusu. Ikija kwa wakati, nacheka kidogo.

Na mimi nikitaka kusema, nasemea wapi?

Bajeti ya kaunti inafikishwa bunge la kaunti kufikia 30 Aprili na inatakiwa ipitishwe kabla ya Juni kuisha, na katikati hapo lazima waite wananchi watoe maoni. Tangazo hubandikwa ofisi ya wodi, muda mwingine karatasi ndogo juu ya zingine, ulizeni. Mkienda msiseme "tunataka afya bora", wataandika na kufunga daftari. Semeni dispensari yetu ina tangi moja la lita elfu tano na bomba linatoka maji Jumanne na Ijumaa, tunataka la pili, na orodha ya wapangaji iandikwe mwaka huu tukiwa hatuna ugonjwa. Mimi nitakua nimekaa nyuma na daftari langu.