Kwa nini kuimba hupunguza sauti zinazosikika kichwani?

Je, wajua kwamba mtu anayesikia sauti wasizozisikia wenzake anaweza wakati mwingine kuzipunguza kwa kuimba, hata kooni tu, midomo ikiwa imefungwa? Sisi wa Uganda tunaoishi Arua, Bombo au Kisenyi na ndugu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti hizo, tunapaswa kulijua jambo hili. Tukimwona mtu anaguna wimbo peke yake kwenye paki ya teksi, tunaamua haraka kwamba amezidiwa. Huenda wakati huo ndipo anapozituliza sauti zake.

Tunapowaza kwa maneno, mara nyingi misuli ya koo na ulimi hucheza kidogo bila sisi kujua. Mwaka 1949 daktari wa Marekani, Louis Gould, alikuza kwa kipaza sauti mnong'ono hafifu uliotoka kooni mwa mgonjwa wake. Maneno yakalingana na yale ambayo mgonjwa alisema anaambiwa na sauti.

Mbona basi hatambui kwamba msemaji ni yeye mwenyewe? Ubongo unapotaka kusema, sehemu ya usemi huitaarifu sehemu ya usikivu, kama mgeni anayepiga hodi huku akijitaja jina. Usikivu ukishapata taarifa hutulia, maana msemaji ni mwenyewe. Wataalamu wengi wanaona kwamba kwa wanaosikia sauti taarifa hiyo hufika ikiwa dhaifu, na neno la ndani likapokewa kama la mtu mwingine. Mambo hayo hayo yamo katika kutekenywa: huwezi kujitekenya ukacheka, lakini utafiti wa Uingereza wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa hawa huuhisi mguso wa mikono yao wenyewe sawasawa na wa mtu mwingine.

Basi ukiimba, koo na ulimi vina kazi nyingine. Mwaka 1987 watafiti wawili wa Marekani waliwaomba wagonjwa wafungue vinywa wazi kabisa, ili koo na ulimi visiweze kunong'ona, na sauti za wengi wao zikanyamaza kwa muda. Kusoma Kurani au Zaburi kwa sauti, kuhesabu, kupiga soga na jirani, vyote hivyo huweza kusaidia. Wengine huweka simu sikioni wakazijibu sauti zao barabarani bila kukodolewa macho. Si kila mtu anafaidika, na sauti huweza kurudi.

Dawa nazo zina nafasi kubwa tangu klopromazini ilipoanza kutumika mwaka 1952. Hata hivyo, karibu theluthi moja ya wagonjwa wa skizofrenia hawapati nafuu ya kutosha kwa dawa za kwanza. Hapa ndipo familia nyingi huteleza: sauti zikibaki, tunasema dawa imeshindwa, vidonge vinaachwa, mtu anarudi kuumwa vibaya kuliko mwanzo. Afadhali arudi kwa daktari aulizie dozi au dawa nyingine, kwa mfano klozapini. Huku akisubiri, anaweza kuuza bidhaa dukani kwake, kulea watoto na kuswali sauti zikiwapo. Hayo nayo ni maisha mazuri, na ninayaheshimu sana.

Kinachozidisha sauti ni kukosa usingizi, bangi, mairungi (miraa), pombe na hofu. Kutengwa nako kunaumiza. Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann na wenzake waliwahoji watu 60 wanaosikia sauti, 20 kila mahali: California ya Marekani, Accra ya Ghana na Chennai ya India. Wa California walisimulia zaidi vitisho na ukatili. Wa Accra walimtaja Mungu mara nyingi, na wa Chennai jamaa zao wakiwashauri au kuwakemea. Mimi naamini namna tunavyoishi na mgonjwa huingia hata ndani ya sauti anazosikia. Butabika, hospitali kuu ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa mwaka 1955, imewahi kuwafunza watu waliougua wawasaidie wenzao, na hakuna anayemwelewa msikiaji kuliko msikiaji mwenzake.

Sauti zikimwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, au akiwa halali usingizi wala hali chakula, msimfunge kamba wala msingoje. Mpelekeni Butabika au hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Arua, Gulu, Mbale au Mbarara. Siku nyingine zote mwulize taratibu leo zinasema nini, na nini kimempa nafuu.