Magonjwa ya ulaji: yanayosemwa mitaani na yanayopimwa hospitalini

“Haya ni magonjwa ya Wazungu”

Jina la anoreksia, yaani kujinyima chakula hadi kukonda kupita kiasi kwa hofu ya kunenepa, lilitoka Ulaya, hilo ni kweli. William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris waliueleza ugonjwa huo, kila mmoja kivyake, katika miaka ya 1870. Lakini ugonjwa kupewa jina mahali si kusema umezaliwa hapo. Huko Fiji, ambako mwili mnene ulikuwa sifa na kula vizuri ulikuwa ungwana, televisheni ilifika eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule mwaka huohuo, akahoji tena mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema hujitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Nasi pia tunamsifu mtu kwa kunawiri, na sifa hiyo si kinga.

Kinachofanya ugonjwa huu uonekane haupo kwetu ni mahali uchunguzi unapokomea. Mtu aliyekonda kama ng'onda akifika kituo cha afya hupimwa kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, kisukari, tezi ya shingo na minyoo. Vipimo hivyo ni vya lazima, maana kila kimojawapo cha maradhi hayo humkondesha mtu. Majibu yakitoka safi, mgonjwa hurudishwa nyumbani na dawa ya kuongeza hamu ya kula, ilhali hamu anayo na anapigana nayo usiku na mchana. Hapo ndipo yangepaswa kuulizwa maswali matano yaliyotungwa London na kuchapishwa mwaka 1999. Hayachukui hata dakika tatu. Je, hujitapisha ukiona umeshiba kupita kiasi? Unaogopa kwamba huwezi tena kudhibiti kiasi unachokula? Umepungua zaidi ya kilo 6 ndani ya miezi mitatu? Unajiona mnene wakati wengine wanasema umekonda? Je, chakula kimeyatawala maisha yako? Akijibu ndiyo mara mbili au zaidi, achunguzwe kwa kina. Ila aulizwe akiwa peke yake. Mbele ya shangazi na kaka zake atajibu hapana mara zote tano.

“Hajakonda, kwa hiyo haumwi”

Dhana hii ndiyo inayoua kimyakimya kuliko zote. Mwenye bulimia hula kwa mafuriko, yaani chakula kingi mno kwa mkupuo bila kuweza kujizuia, kisha hujitapisha, hunywa dawa za kuharisha au hukaa siku nzima bila kula, na mara nyingi uzito wake ni wa kawaida kabisa. Yupo pia anayekula kwa mafuriko bila kujitapisha baadaye. Ugonjwa wake uliingizwa rasmi katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili mwaka 2013, na kipimo chake ni angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Na yupo aliyekuwa mnene, akapungua haraka mno, akafikia uzito ambao jirani anauita mzuri. Watu wanampongeza, kumbe moyo wake unapiga polepole sawa na wa mgonjwa aliyebaki mifupa.

Ndiyo maana mizani peke yake haitoshi. Mpime mapigo ya moyo akiwa amelala na tena akisimama, pamoja na presha katika hali zote mbili. Kwa kijana, mapigo chini ya 50 kwa dakika mchana akiwa macho, joto la mwili chini ya 35.6, au namba ya juu ya presha kushuka kwa zaidi ya 20 anaposimama ni sababu ya kulazwa, hata kama anatembea na kucheka. Mwambie achuchumae kisha ainuke bila kushika kitu. Akishindwa, misuli imeshaliwa. Pima sukari, madini ya damu (potasiamu, fosfeti na magnesiamu), na umeme wa moyo (ECG). Potasiamu ya kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0, ikishuka chini ya 3 moyo unaweza kuvuruga mdundo wake na kusimama ghafla. Usimtume nyumbani kula ndizi. Anahitaji potasiamu ya dawa na kipimo cha kurudia, na kama magnesiamu nayo iko chini, potasiamu haitapanda mpaka hiyo irekebishwe kwanza.

Anayejitapisha hupata uvimbe wa tezi za mate, mashavu yakajaa pande zote mbili. Wengi hutibiwa matubwitubwi. Uvimbe usio na homa wala maumivu makali, unaokuja na kurudi, pamoja na meno ya mbele yaliyolika upande wa ndani na makovu kwenye vifundo vya vidole, unataka swali la upole kuhusu kutapika. (Akishatapika asipige mswaki hapohapo, kwa sababu asidi imeshalainisha meno. Asukutue kwa maji yenye magadi ya kuokea kidogo.)

Kuhusu hedhi: zamani ilisemwa hakuna anoreksia bila hedhi kukatika. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2013, maana liliwaacha nje wavulana wote na wasichana wengi. Hedhi ikikatika, tiba ya mifupa inayodhoofika ni chakula na uzito kurudi. Vidonge vya uzazi wa mpango huleta damu ya kila mwezi lakini haviilindi mifupa, na vinamdanganya kila mtu kwamba mwili umepona.

“Ni kiburi. Mwacheni, njaa itamfundisha”

Katika utafiti ulioanza Novemba 1944 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita chini ya mtafiti Ancel Keys. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Hawakuwa na ugonjwa wowote wa ulaji walipoanza. Hata hivyo wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi, kuchezea chakula sahanini kwa saa nzima, kukwepa marafiki, kukasirika ovyo na kuhuzunika. Baadhi walipoachiwa kula walikula bila kujua pa kukoma. Chakula kiliporudi kikamilifu, tabia hizo zilififia polepole.

Yapo hapo mengi ambayo familia huyaita kiburi. Binti anayepika kwa ajili ya nyumba nzima na yeye mwenyewe hagusi chakula, anayekata chapati vipande ishirini, anayegeuka mkali jioni, anaonyesha ubongo ulio na njaa. Njaa haimfundishi, njaa ndiyo inayomfunga zaidi. Na kuhusu kilichouanzisha ugonjwa, tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya uwezekano wa kupata anoreksia, takriban nusu au zaidi, ni ya kurithi. Juu ya urithi huo hupandia dayati, maneno ya kuumiza kuhusu mwili, mtihani, msiba au michezo ya ushindani.

Wavulana wamo pia. Anayeshinda gym, anayekula nyama na mayai peke yake, na kuona mwili wake mdogo hata ukijaa misuli, aulizwe maswali yaleyale.

“Wazazi ndio waliomharibu, wasikaribie tiba”

Kwa kijana chini ya miaka 18 mwenye anoreksia isiyozidi miaka mitatu, tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi inawaweka wazazi katikati. Ilianzia hospitali ya Maudsley, London. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, vijana 121 waligawanywa katika tiba ya familia na tiba ya kijana peke yake. Mwaka mmoja baada ya tiba kwisha, karibu nusu ya waliotibiwa na familia walikuwa wamepona kabisa. Kundi la pili halikufika hata robo.

Tiba hii haitafuti mkosaji. Mwanzoni wazazi wanachukua madaraka yote ya chakula, kama ambavyo wangemnywesha dawa mtoto mwenye malaria anayeikataa. Mzazi ndiye anayepakua, si mgonjwa. Milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu kila siku, nusu saa kwa mlo na robo saa kwa kitafunio, mtu mzima akiwa mezani mwanzo hadi mwisho. Baada ya kula akae na wenzake saa nzima, asiende chooni peke yake. Sahani haihitaji kuwa mlima. Inahitaji chakula kizito kwa ujazo mdogo: wali wa nazi, maharage yaliyoungwa, uji wa maziwa uliotiwa karanga, parachichi, mafuta yasiyofichwa. Usimdanganye kuhusu kilichomo, akigundua hatakuamini tena. Mazungumzo mezani yawe ya mambo mengine, na akikwama neno ni fupi: “Najua ni vigumu mwanangu, chukua kijiko kingine.” Hesabu za unene na wembamba hazijadiliwi wakati wa kula. Michezo husimama mpaka mapigo ya moyo yarudi. Uzito unapimwa na mtaalamu kila wiki, si kila asubuhi nyumbani, na kwa asiyelazwa kuongezeka nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Aliyeongeza zaidi ya kilo 2 kufikia kikao cha nne ana dalili njema ya kupona. Asiyefikia hapo anahitaji mpango ukazwe mapema, si kusubiri miezi sita ipite.

Inapoharibika, mara nyingi huharibika kwa sababu watu wazima hawako kauli moja. Mama anasisitiza, baba anahurumia, bibi anasema “mwacheni mtoto, atakula akitaka”. Ugonjwa hupenya kwenye ufa huo. Kikao cha kwanza kiwe na wote wanaoishi na mtoto, dada wa kazi akiwemo kama yeye ndiye anayebaki naye mchana. Kosa la pili ni kumrudishia uhuru mapema, uzito ukiwa umepanda kidogo tu. Uhuru hurudi kwa hatua: kwanza kitafunio kimoja cha shuleni, kisha mlo mmoja, na kuendelea.

“Amekubali kula, basi mshindilieni” na “Mtundikieni dripu ya sukari apate nguvu”

Hapa naomba kila mhudumu wa zahanati asome mara mbili. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu umeishiwa akiba ya fosfeti, potasiamu, magnesiamu na vitamini B1. Sukari ikiingia kwa wingi, insulini hupanda na kuyasukuma madini hayo kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Fosfeti ikianguka, misuli ya kupumua hulegea, moyo hushindwa, mgonjwa huvimba na kuchanganyikiwa. Hatari kubwa iko katika siku 10 za kwanza, hasa za mwanzo kabisa.

Kwa hiyo aliyekaa siku kadhaa bila kula karibu chochote, au aliyekonda sana, alishwe hospitalini. Vitamini B1 itangulie chakula na dripu. Chakula kiongezwe kila siku au kila baada ya siku mbili kwa mpango wa mtaalamu wa lishe, huku damu ikipimwa kila siku. Maabara nyingi ndogo hazipimi fosfeti. Hiyo peke yake ni sababu ya kumpeleka hospitali ya rufaa. Lakini woga nao usizidi. Kumwacha kwenye uji mwepesi wiki nzima kwa kuogopa kumlisha ni kumuua kwa njia nyingine.

“Bulimia ni ulafi, ajizuie tu”

Kujizuia ndiko kunakozaa mafuriko. Anaruka chai ya asubuhi, anaruka chakula cha mchana, jioni mwili unadai deni lote kwa mkupuo. Tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na mwenendo, iliyopangwa Oxford na Christopher Fairburn, ni vikao 20 katika wiki 20, na kazi yake ya kwanza ni ratiba: milo mitatu na vitafunio viwili, bila kupitisha muda wa saa nne tumbo likiwa tupu. Mgonjwa huandika kila alichokula palepale, pamoja na kilichotokea kabla yake. Anayeandika usiku kwa kukumbuka huandika aibu, si matukio.

Dawa husaidia kwa kiasi. Fluoksetini kwa bulimia hutolewa miligramu 60 kwa siku, mara tatu ya ile inayozoeleka kwa sonona. Bupropioni, dawa nyingine ya sonona, isitolewe, humwongezea hatari ya degedege. Kwa anoreksia hakuna kidonge kinachochukua nafasi ya chakula.

Dawa za kuharisha hazizuii mwili kuchukua nguvu ya chakula: zinafanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi. Akiacha, mwili hushika maji na anaweza kuvimba miguu kwa siku au wiki kadhaa. Aambiwe kabla, la sivyo atadhani amenenepa na kurudia.

“Mfungo hauna madhara, ni ibada”

Aya ya 2:184 ya Qur'ani inamruhusu mgonjwa kutofunga na kulipa siku nyingine, na huu ni ugonjwa. Suala lijadiliwe mwezi wa Shaabani, pamoja na imamu anayeaminika, sio tarehe 5 ya Ramadhani. Kwaresima na mifungo ya kavu ya makanisani ni vivyo hivyo. Ambaye haja yake ya kufunga inaongezeka kila mwaka huku siku za kulipa akizilipa maradufu, aulizwe kwa upole.

“Uzito umerudi, amepona”

Uzito hurudi kwanza, hofu hufuata nyuma kwa miezi. Huyu ndiye anayeambiwa harusini “umenenepa, masha Allah!” na akalala bila kula. Mapitio yaendelee angalau mwaka, na wanaomzunguka waambiwe waziwazi: neno lolote kuhusu mwili wake, hata la sifa, lisisemwe.