Majina ya mashamba ya Malindi: dhana na ukweli

"Mahali pasipoonyeshwa kwenye ramani hapakuwa na jina." Kauli hii huzuka kila panapokuwa na ugomvi wa ardhi Malindi, na ndiyo yenye madhara kuliko zote. Ramani nyingi za Kenya zinazoonyesha vijiji na njia ni za kipimo cha 1:50,000, yaani sentimita moja hubeba mita 500. Shamba la ekari tano lenye umbo la mraba lina upande wa kama mita 142, kwa hivyo kwenye karatasi halifiki hata milimita tatu. Mchoraji akitaka kuliandika jina, herufi zitawafunika majirani wote. Basi huweka Ganda, Msabaha, Kakuyuni na Jilore, na majina ya mashamba hubaki midomoni mwa wenyewe.

"Ramani huchorwa kwa picha zilizopigwa kutoka ndegeni, nazo hazikosei, kwa hivyo majina ni sahihi." Ndege huona miembe na njia, haisikii mtu akisema. Majina hukusanywa ardhini, mpimaji akitembea na picha mkononi na kumuuliza chifu, mzee wa kijiji, au yeyote aliyemkuta. Mpimaji asiyejua Kigiriama, lugha ya wenyeji wengi wa huko, akifika kwenye "dz" au "ts", huandika alichosikia. Jina la mto nalo hutegemea umeuliza wapi: karibu na bahari ni Sabaki, juu zaidi ni Galana. Hakuna aliyekosea hapo.

"Kabla ya wakoloni mashamba hayakuwa na kumbukumbu." Hii ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zaidi. Mauzo ya shamba yaliandikwa kwa kadhi kwa herufi za Kiarabu, na hati ilitaja mipaka minne: huku shamba la fulani, kule njia, kule bahari. Ilikuwa ramani ya maneno, na aliyewajua majirani aliielewa. Nje ya mji, miongoni mwa Wamijikenda, yaani jamii tisa za pwani wakiwemo Wagiriama, kazi hiyo ilifanywa na miti na kumbukumbu za wazee.

Tofauti hiyo ilikuja kuwa ghali. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye shamba kwenye ukanda wa pwani wa maili kumi alete dai lake. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali ya kikoloni. Mwenye karatasi ya kadhi alikuwa na pa kuanzia. Aliyekuwa na mbuyu na ushahidi wa babu yake, mara nyingi hakuwa na chochote ambacho ofisi ingekipokea, na vizazi vyake vikaja kuitwa maskwota, yaani wakaaji wasio na hati, kwenye ardhi iliyolimwa na wazee wao.

Na wale wanaobeba ramani ya kijiografia kwenda kuthibitisha mpaka, wasichoke bure. Hata ramani ya usajili wa ardhi, kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa imeandikwa kwenye rejista kwamba mpaka umekwisha kupimwa na kuthibitishwa. Mkibishana, wa kuamua ni msajili.