Wastani wa saa za kazi kwa wiki katika elimu na afya binafsi Marekani: namba hii inapima nini

Kila mwezi Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani hutoa wastani wa saa za kazi kwa wiki katika huduma binafsi za elimu na afya. Miaka ya karibuni namba hiyo imekuwa ikizunguka saa 33. Ukiisoma juu juu utadhani wauguzi na walimu wa huko wana nafuu, maana saa 33 hazifikishi hata siku tano za saa saba. Lakini kinachopimwa ni saa zilizolipwa kwa kila nafasi ya kazi. Uchovu wa mtu mmoja haumo.

Takwimu zenyewe hutoka kwa waajiri. Mwajiri anajaza idadi ya watu walio kwenye orodha yake ya mishahara katika kipindi cha malipo chenye tarehe 12 ya mwezi, pamoja na jumla ya saa walizolipwa. Anayelipa kila baada ya wiki mbili, saa zake hugawanywa ili zipatikane za wiki moja. Kisha jumla ya saa inagawanywa kwa idadi ya wafanyakazi.

Neno la kushika hapo ni "zilizolipwa". Muuguzi aliye likizo ya malipo wiki nzima anahesabiwa na saa zake kamili. Ovataimu inaingia kwa saa zake halisi: saa moja inabaki saa moja, hata kama imelipwa kwa kiwango cha moja na nusu. Mwalimu mwenye mshahara wa mwezi huandikwa saa za kawaida za mkataba, kwa hiyo madaftari anayosahihisha nyumbani usiku hayaonekani popote.

"Binafsi" nayo ina mipaka yake. Shule za umma, ambako ndiko waliko walimu wengi wa Marekani, na hospitali za serikali huhesabiwa chini ya serikali. Kinachobaki ni shule na vyuo binafsi, hospitali binafsi (hata zisizo za faida), zahanati, nyumba za kutunzia wazee, huduma za kumhudumia mgonjwa nyumbani kwake, na vituo vya kulelea watoto mchana. Upande wa afya na ustawi ndio mkubwa kwa mbali, kwa hiyo ndio unaoivuta namba. Mtu aliyejiajiri hayumo kabisa.

Mchanganyiko huo ndio unaowapotosha wasomaji wengi. Chukua mwajiri wa kubuni mwenye wauguzi 60 wanaofanya zamu tatu za saa 12, yaani saa 36 kwa wiki, na walezi wa wazee 40 wanaofanya saa 25. Jumla ni saa 3,160 kwa watu 100: wastani 31.6. Akiongeza walezi 20 wa saa 25, jumla inakuwa 3,660 kwa watu 120, na wastani unashuka hadi 30.5. Hakuna aliyepunguziwa hata dakika. Mwandishi wa habari mwenye haraka ataandika kwamba wafanyakazi wamepunguziwa saa.

Halafu kuna wenye kazi mbili, jambo wanalolijua vizuri Waafrika Mashariki wanaolea wazee huko. Mlezi mwenye saa 30 kwenye kituo kimoja na saa 24 kwenye kingine anaonekana kama nafasi mbili, zenye wastani wa 27. Yeye mwenyewe anafanya saa 54. Anayetaka saa za mtu badala ya saa za nafasi atafute takwimu za utafiti wa kaya, ambako mtu huulizwa kuhusu kazi zake zote.

Usomaji wa desimali pia huleta makosa. Saa 33.2 ni saa 33 na dakika 12, si dakika 20. Tofauti ya 0.1 ni dakika sita tu, lakini ukizizidisha kwa wafanyakazi milioni 25, na sekta hii sasa ina zaidi ya hapo, unapata saa milioni 2.5 kwa wiki, sawa na nafasi kama 76,000 za saa 33. Hata hivyo, badiliko la 0.1 la mwezi mmoja linaweza kutokana na kukadiria desimali tu, na makadirio ya kwanza husahihishwa mara mbili katika miezi inayofuata. Dhoruba ikifunga vituo katika wiki ya tarehe 12, wanaolipwa kwa saa hukosa malipo na wastani hushuka kwa mwezi huo. Tazama angalau miezi mitatu, na utumie mfululizo uliorekebishwa kwa msimu, kwa kuwa shule hufungwa kiangazi.

Usiichanganye namba hii na kikomo cha sheria. Saa 45 za sheria ya kazi ya Tanzania ni mpaka wa saa za kawaida kwa wiki, na saa 40 za Marekani ni pale ovataimu inapoanza kwa wafanyakazi wengi. Wastani unaweza kukaa 33 huku maelfu ya wauguzi wakivuka 40 kila wiki, kwa sababu wenye saa chache wanaushusha.